DNA na Protini katika Mifupa ya Kale

Mtu apandaye kutoka Makanya, katika tambarare ya wilaya ya Same, kwenda Suji katika milima ya Upare ya Kusini, huanza safari yake katika joto kali miongoni mwa vichaka vya miiba, na huimaliza katika hewa ya ubaridi. Kwa wastani, halijoto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 za sentigredi kwa kila kilometa moja ya kwenda juu. Msafiri hulitambua jambo hili kwa ngozi yake tu, akatafuta sweta na kuendelea na safari. Lakini kwa mwanasayansi achunguzaye mifupa ya kale, tofauti hiyo ya joto ni jambo kubwa. Mfupa uliolala miaka elfu tatu mahali pa baridi waweza kueleza nasaba ya mwenyewe. Mfupa wa umri huo huo uliolala mahali pa joto waweza kuwa bubu kabisa.

Makala hii inaeleza jinsi wataalamu wanavyotoa DNA na protini katika mifupa, meno na maganda ya mayai ya zamani, mambo gani yamekwisha kujulikana katika Afrika Mashariki kwa njia hiyo, na kwa nini hapana budi kila mfupa ufikiriwe kwa makini kabla haujaguswa.

MFUPA UMEJENGWA NA NINI?

Mfupa mkavu huonekana kama jiwe, lakini si jiwe. Umejengwa kwa vitu viwili vilivyoshikamana: madini ya kalisi na fosfeti, yanayoupa ugumu, na protini iitwayo kolajeni, inayouwezesha kuhimili uzito bila kuvunjika upesi. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa gharama ndogo sana:

(a) Achukue mfupa wa paja la kuku uliosafishwa vizuri, autie katika chupa yenye siki kwa muda wa wiki moja, na abadilishe siki hiyo mara moja au mbili. Siki ni asidi, nayo huyayusha madini. Mfupa utakapotolewa utapindika kama mpira, kwa kuwa kilichobaki zaidi ni kolajeni.

(b) Achukue mfupa mwingine kama huo, auchome katika makaa mpaka ugeuke mweupe. Umbo lake litabaki vile vile, lakini ukibinywa kwa vidole utasagika. Moto umeiteketeza protini na kuyaacha madini peke yake.

Majaribio haya mawili yanaonyesha maadui wawili wa mfupa uliozikwa. Wa kwanza ni asidi iliyomo katika maji na udongo, ambayo huondoa madini. Wa pili ni joto, ambalo huharibu sehemu zilizotokana na uhai. Katika maabara kazi hiyo huchukua siku chache. Ardhini huchukua mamia au maelfu ya miaka. Lakini mwisho wake ni ule ule.

DNA NA KUHARIBIKA KWAKE

Katika seli za kila kiumbe mna DNA, yaani uzi mrefu mwembamba unaobeba maagizo ya urithi. Maagizo hayo yameandikwa kwa kemikali za aina nne, ambazo kwa kifupi huitwa A, T, G na C. Katika kiini cha seli ya binadamu, seti moja ya DNA ina jozi za herufi zipatazo bilioni 3. Nje ya kiini, katika vijisehemu viitwavyo mitokondria, mna DNA nyingine fupi yenye jozi 16,500 hivi, ambayo mtoto huirithi kwa mama yake. DNA ya kiini imo mara mbili tu katika seli, ilhali ile ya mitokondria imo kwa mamia au maelfu ya nakala. Kwa sababu hiyo, katika masalio ya kale ni rahisi zaidi kuipata hii ya mitokondria.

Wakati kiumbe kinapokuwa hai, seli zake huikarabati DNA kila siku. Kiumbe kikifa, ukarabati huo hukoma. Kwanza vimeng'enya vya mwili wenyewe huanza kuukatakata uzi. Kisha huja bakteria na kuvu. Hatimaye maji huendelea na kazi hiyo polepole kwa karne nyingi. Herufi A na G hung'oka mahali pake, na uzi hukatika hapo zilipong'oka. Herufi C zilizo karibu na ncha za vipande hugeuka, hata zikisomwa huonekana kama T. Baada ya miaka elfu kadhaa, uzi uliokuwa na mamilioni ya herufi huwa umebaki vipande vyenye herufi chini ya 100.

Kasi ya kuharibika huko imepimwa. Mwaka 2012, watafiti waliochunguza mifupa 158 ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliokwisha kutoweka, walichapisha hesabu ifuatayo. Mahali penye wastani wa joto wa nyuzi 13 hivi, idadi ya vipande vya DNA vyenye urefu wa herufi 242 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 521. Mwanafunzi wa hisabati aweza kuiendeleza hesabu hiyo mwenyewe. Baada ya miaka 521 hubaki nusu. Baada ya miaka 1,042 hubaki robo. Baada ya vipindi kumi, yaani miaka 5,210, hubaki sehemu moja tu katika 1,024. Joto likizidi, kipindi hicho hufupika. Hata hivyo, vipande vilivyo vifupi zaidi hudumu zaidi, na juu ya vipande hivyo vifupi ndipo elimu yote hii ilipojengwa.

Sasa yaeleweka kwa nini rekodi za DNA kongwe zimetoka nchi za baridi. Mwaka 2021 ilisomwa DNA ya mamothi wa Siberia waliokaa katika barafu kwa zaidi ya miaka milioni moja. Katika pango la Sima de los Huesos, Hispania, ilipatikana DNA ya binadamu wa kale wenye umri wa miaka 430,000 hivi. Afrika, ambako ndiko chimbuko la binadamu, ilichelewa katika elimu hii, wala si kwa kukosa mifupa. Jua lake ndilo lililoichelewesha.

JINSI DNA YA KALE INAVYOTOLEWA

Kazi ya kusoma DNA ya kale ilianza na mnyama wa Afrika. Mwaka 1984, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walitoa herufi 229 za DNA katika kipande cha ngozi ya kwaga, mnyama wa jamii ya punda milia aliyetoweka duniani mwaka 1883. Baada ya hapo Svante Pääbo na wenzake walifanya kazi kwa miaka mingi, na mwaka 2010 wakachapisha muswada wa kwanza wa DNA yote ya Neanderthal, binadamu wa kale wa Ulaya na Asia. Kwa kazi hiyo Pääbo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Njia inayofuatwa siku hizi ina hatua hizi:

(a) Kuchagua mfupa. Sehemu iliyo bora kuliko zote ni mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, chini ya fuvu. Ni mfupa ulioshikamana sana, na bakteria hawaupenyi kwa urahisi. Jino pia hufaa.

(b) Kutoboa. Unga wa mfupa, makumi ya miligramu tu, hutolewa kwa kekee ndogo. Kazi hufanywa katika chumba maalumu, na wafanyakazi huvaa mavazi ya kuwafunika mwili mzima.

(c) Kuyeyusha na kuchuja. Madini huyeyushwa kwa kemikali, protini humeng'enywa, na DNA iliyobaki hukusanywa.

(d) Kusoma. Mashine husoma mamilioni ya vipande kwa pamoja, kisha kompyuta huvipanga kwa kuvilinganisha na DNA ya binadamu wa leo.

(e) Kuthibitisha. Hii ndiyo hatua ngumu zaidi. Aghalabu DNA nyingi inayotoka katika mfupa wa kale ni ya bakteria wa udongoni, na sehemu ya mwenye mfupa yaweza kuwa chini ya moja kwa mia. Tena mtu aliyeushika mfupa huo, akaupigia chafya au kuufuta jasho lake, ameacha humo DNA yake mwenyewe iliyo mpya na nyingi.

Hatari hiyo si ya kudhania. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba DNA ya mnyama wa zama za dinosau imepatikana katika mfupa wenye umri wa miaka milioni 80. Wataalamu wengine walipoichunguza, waliona kuwa ilikuwa DNA ya binadamu. Siku hizi ule uharibifu wenyewe hutumika kama ushahidi: vipande vikiwa vifupi, na ncha zake zikiwa na zile C zilizogeuka, mtafiti hujua kwamba anasoma kitu cha kale kweli. DNA ndefu isiyo na dosari yoyote humtia shaka.

YALIYOSOMWA KATIKA MIFUPA YA AFRIKA MASHARIKI

DNA nzima ya kwanza ya Mwafrika wa kale ilichapishwa mwaka 2015. Ilitoka katika pango la Mota, juu katika milima ya kusini mwa Ethiopia, kwa mtu aliyeishi miaka 4,500 hivi iliyopita. Yafaa kukumbuka kuwa ni nchi ya milima na baridi.

Mwaka 2017 yalifuata matokeo kutoka Tanzania. Huko Luxmanda, mkoani Manyara, mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, watafiti wa Tanzania na wa nchi za nje walikuwa wamefukua makazi ya wafugaji wa zamani. Mtu mmoja wa huko, aliyeishi kiasi cha miaka 3,100 iliyopita, alionekana kuwa na asili mbili: kiasi cha 38 kwa mia ya nasaba yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati, na iliyobaki ilihusiana na wawindaji wa Afrika Mashariki. Wataalamu wa lugha na wa mambo ya kale walikuwa wamekwisha kusema kwamba ufugaji uliteremka kutoka kaskazini. Hapa mfupa wenyewe ulitoa ushahidi wake.

Mwaka 2019 zilichapishwa habari za watu 41 wa kale wa eneo hili, wote wakiwa wa Kenya na Tanzania. Jambo moja liliwashangaza wengi. Watu wazima wa jamii nyingi za wafugaji wa leo huweza kunywa maziwa mabichi bila kuumwa tumbo, kwa sababu ya badiliko dogo katika herufi za DNA yao. Miongoni mwa wafugaji hao wa kale, ni mmoja tu aliyeonekana kuwa na badiliko hilo, naye alitoka katika pango la Gishimangeda, karibu na ziwa Eyasi, miaka 2,000 hivi iliyopita. Maana yake ni kwamba watu walifuga ng'ombe kwa muda mrefu kabla ya miili yao kuyazoea maziwa.

Mwaka 2022 elimu hiyo ilirudi nyuma zaidi. Mifupa ya wawindaji kutoka Tanzania, Malawi na Zambia ilitoa DNA yenye umri unaofikia miaka 18,000 hivi. Kwa Tanzania, mifupa hiyo ilitoka Kisese katika wilaya ya Kondoa na Mlambalasi karibu na Iringa. Mwaka 2023 ilikuja zamu ya Waswahili. Watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, kama vile Kilwa, Songo Mnara, Manda na Mtwapa, na katika mji wa bara wa Makwasinyi huko Utaita, walichunguzwa. Wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na nusu au zaidi ya nasaba yao kutoka Afrika, hasa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Masimulizi ya Washirazi, ambayo baadhi ya wasomi waliyaona kuwa ngano tupu, yameonekana kuwa na kiini cha kweli. Na vile vile imeonekana wazi kwamba Waswahili ni watu wa Afrika kwa mama zao.

Hapana budi mwanafunzi atahadhari na kosa moja. DNA hueleza nasaba. Haielezi lugha, wala dini, wala desturi. Katika Upare ya Kusini na Usambara wako Wambugu, ambao wana lugha yenye maneno mengi ya Kikushi ndani ya sarufi ya Kibantu. Lugha kama hiyo hutokana na watu kuishi pamoja, kuoana na kuazimana maneno. Mfupa ukisomwa peke yake hauwezi kusimulia historia hiyo yote. Hapana budi usomwe pamoja na vyungu, lugha na masimulizi ya wazee.

PROTINI: SHAHIDI ADUMUYE ZAIDI

DNA ikiisha, si kwamba yote yameisha. Protini ni minyororo ya asidi amino, na mpangilio wa asidi amino hizo hufuata maagizo ya DNA. Kwa hiyo mtu akisoma mnyororo wa protini, anasoma kwa njia ya mzunguko sehemu ya maagizo ya urithi. Mashine itumikayo huitwa spektrometa ya masi. Huvipima uzito vipande vya protini kwa usahihi mkubwa mno, na kutokana na uzito huo mpangilio wa asidi amino hutambulikana. Njia nyepesi zaidi ya aina hii, inayotumia kolajeni, huweza kutofautisha kipande cha mfupa wa kondoo na cha mfupa wa mbuzi, jambo ambalo kwa macho ni gumu hata kwa mtaalamu.

Protini hudumu kuliko DNA, hasa ikiwa imefungiwa ndani ya madini. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka Tanzania. Laetoli, mahali palipojulikana ulimwenguni kwa nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zilizogunduliwa na kikundi cha Mary Leakey mwaka 1978, pana pia vipande vya maganda ya mayai ya mbuni wa kale. Mwaka 2016 watafiti walichapisha mpangilio wa asidi amino katika ganda la Laetoli lenye umri wa miaka milioni 3.8. Sehemu iliyosalia ilikuwa fupi, lakini ilikuwa imeng'ang'ania uso wa madini ya ganda kiasi kwamba maji hayakuweza kuivunja. Hayo yalitokea katika nchi ya joto, mahali ambapo DNA ya umri huo haikutarajiwa kamwe.

Enameli ya jino nayo huhifadhi vizuri. Mwaka 2025 zilichapishwa habari za protini kutoka katika meno ya wanyama wa Bonde la Turkana, Kenya, baadhi yakiwa na umri unaofikia miaka milioni 18. Mwaka huo huo, kikundi kilichoongozwa na Palesa Madupe kilitoa habari za protini katika meno manne ya Paranthropus robustus wa Afrika ya Kusini, yenye umri wa miaka milioni 2 hivi. Huyo ni ndugu wa karibu wa Zinjanthropus aliyegunduliwa Olduvai mwaka 1959. Protini moja ya enameli hutofautiana baina ya wanaume na wanawake, na kwa njia hiyo watafiti walitambua jinsia ya wenye meno.

Hata hivyo protini ina kikomo chake. Enameli ina protini za aina chache tu, na habari iliyomo ni ndogo kuliko ile ya DNA. Protini huweza kusema kwamba kiumbe hiki ni wa jamii fulani. Haiwezi kusema kwamba mtu huyu alikuwa babu wa yule.

MLIMA, TAMBARARE NA PANGO

Sasa turudi Suji. Kwa kuwa milima ina ubaridi, yaelekea kwamba mifupa iliyozikwa juu ingehifadhi DNA kuliko ile ya tambarare. Lakini ubaridi si jambo pekee. Milimani mvua ni nyingi, na udongo unaooshwa na mvua kwa karne nyingi aghalabu huwa na asidi. Asidi hiyo hufanya kazi ile ile iliyofanywa na siki katika chupa ya darasani: huyala madini mpaka mfupa ukaisha wote. Tambarare ya chini ni kavu, na mifupa huweza kubaki na umbo lake. Lakini joto lake hufanya kazi ya makaa, mfupa ukabaki bila habari ndani yake.

Mahali panapoziepuka hatari hizo mbili ni pango au mwamba wenye kivuli ulio mahali pa juu: pakavu, pasipo jua, na penye halijoto isiyobadilika sana. Sio ajabu kwamba Mota, Gishimangeda na Mlambalasi, zote tatu, ni mapango au miamba ya kivuli.

Hapa ndipo elimu hii inapokutana na historia ya Upare. Wapare wa zamani, kama jirani zao Wataita, walikuwa na desturi ya kulifukua fuvu la mzee baada ya muda kupita tangu maziko, na kuliweka pangoni au katika msitu wa ukoo, ambako matambiko yalifanyika. Kwa desturi hiyo, bila ya kukusudia, waliiweka mifupa ya wazee wao mahali pale pale ambapo mwanakemia angepachagua. Mifupa iliyo na matumaini makubwa zaidi ya kusomwa ndiyo hiyo hiyo iliyo na wenyewe.

MFUPA NI WA NANI?

Mlambalasi hapakutajwa hapa kwa sababu ya wawindaji wa kale tu. Ndipo alipofia Mtwa Mkwawa wa Wahehe mwaka 1898. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, na kurudishwa kwake kuliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Lilirudi mwaka 1954, na limehifadhiwa Kalenga. Lakini lilitambuliwaje miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa katika jumba la makumbusho la Bremen? Kwa kupima umbo la vichwa vya jamaa zake na kulinganisha vipimo. Wakati ule hapakuwa na njia nyingine.

Karibu na Upare kuna mfano wa baadaye. Watawala wa Kijerumani na wasaidizi wao walikusanya mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki na kuyapeleka Berlin. Uchunguzi ulioanza mwaka 2017 ulihusu mafuvu 1,135, ambayo zaidi ya 200 kati yake yalitoka nchi ambayo sasa ni Tanzania. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba DNA ya mafuvu machache yaliyokuwa na kumbukumbu za kutosha ililinganishwa na ya watu walio hai, na mafuvu matatu yakapata jamaa zao. Mojawapo lilihusishwa na akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi ya Kale aliyenyongwa mwaka 1900. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwamo miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Hivyo elimu ile ile inayoweza kumrudishia mtu mzee wake yaweza pia kumwondoa mzee huyo mahali pake. Unga uliotobolewa katika mfupa haurudishwi. Ukiharibiwa na mtafiti mzembe, hakuna mtafiti mwingine atakayeusoma. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi nyingi walichapisha kanuni tano za kazi hii: kufuata sheria za mahali mifupa ilipotoka, kuandaa mpango kamili kabla ya kuanza, kuidhuru mifupa kwa kiasi kidogo kabisa, kuyaweka matokeo wazi ili yachunguzwe na wengine, na kushauriana na watu wanaohusika na kuziheshimu hisia zao. Nchini Tanzania, kuchimba vitu vya kale bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na utafiti huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Lakini kibali cha serikali hakiondoi haja ya kuketi na wenye pango. Mtafiti aliyekubaliwa na ukoo huonyeshwa pia mambo ambayo mfupa hausemi: jina, sababu ya kifo, na nani alimzika nani.

WAJIBU WA MWALIMU NA MWANAFUNZI

Mifupa ya kale aghalabu haigunduliwi na wataalamu. Huonekana mtu anapochimba msingi wa nyumba, choo au mfereji wa maji, au mvua inapobomoa ukingo wa barabara. Katika wilaya kama Same, ambako watu hulima miteremko na kuchonga matuta, yaweza kutokea wakati wowote. Likitokea, mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Mfupa uachwe mahali pake. Thamani yake kubwa imo katika udongo unaouzunguka na vitu vilivyo kando yake.

(b) Usishikwe kwa mikono mitupu, usioshwe, wala usianikwe juani. Kila tendo kati ya hayo hupunguza kinachoweza kusomwa.

(c) Mahali pafunikwe kwa udongo ule ule, na alama iwekwe.

(d) Ofisi ya kijiji na ofisi ya utamaduni ya wilaya ziarifiwe, nao wazee wa mahali hapo waulizwe. Ikiwa ni kaburi linalojulikana, wao ndio wenye neno la kwanza.

(e) Mapango ya matambiko yasiingiwe kwa udadisi tu. Mwanafunzi anayetaka kuyajua akamwulize mzee wake, na aandike atakayoambiwa. Maelezo hayo nayo ni masalio, na hayadumu kama enameli.

Katika miaka ijayo mashine zitasoma vipande vidogo zaidi, kutoka katika unga kidogo zaidi, hata katika mifupa ambayo leo huhesabiwa kuwa bubu. Manufaa hayo yatakuwako kwa mifupa iliyosalia tu. Iliyookotwa ikashikwa na mikono mingi, na ile iliyotobolewa bila mpango, haitakuwa na la kusema. Baadhi ya vijana wanaosoma biolojia na kemia leo katika shule za Suji na Same huenda wakawa ndio watakaozishika kekee hizo. Na waanze kwa ule mfupa wa kuku katika chupa ya siki, wajionee wenyewe jinsi kitu kigumu kinavyolegea.